Anza na Mchoma Mkaa: Vidokezo vya Kufukua Kesi Zilizolala

Kila baraza la kahawa lina mpelelezi wake. Mtaje J.M. Kariuki, mtaje Robert Ouko, na kabla kikombe cha pili hakijamiminwa utakuwa umeshaambiwa muuaji ni nani, nani alimtuma na alilipwa shilingi ngapi. Msemaji mwenyewe hajawahi kushika hata karatasi moja ya kesi hiyo. Vidokezo hivi si vyake. Ni vya yule aliyekaa pembeni ya baraza, akanywa kahawa yake kimya, akarudi nyumbani akijiuliza: haya yote yameandikwa wapi?

Ndugu yangu, karibu. Kitambulisho cha polisi hukihitaji, shahada ya sheria pia huihitaji. Unahitaji daftari, nauli, na subira ya mvuvi wa mshipi.

1. Chagua kesi yenye karatasi

Kesi inayosisimua si lazima iwe kesi inayochimbika. Kabla hujaipenda, hesabu karatasi zake. Ilifika mahakamani? Iliundiwa tume? Wabunge waliijadili? Kwa kipimo hicho, kuuawa kwa Lord Erroll, mlowezi wa Kizungu, nje kidogo ya Nairobi, usiku wa kuamkia 24 Januari 1941, ni mgodi. Kesi ilisikilizwa hadharani, mshtakiwa Sir Jock Delves Broughton akaachiwa huru Julai mwaka huohuo, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. J.M., mbunge aliyeonekana kwa mara ya mwisho akitoka Hoteli ya Hilton tarehe 2 Machi 1975, ameachiwa ripoti ya Kamati Teule ya Bunge. Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyetoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990, ana tume ya Jaji Gicheru iliyovunjwa kabla ya kumaliza kazi, na kamati ya Bunge iliyokuja miaka mingi baadaye.

Kifo cha jirani yenu ambacho hakikuwahi hata kufunguliwa jalada huenda kinakuuma zaidi. Kama ndicho kinachokuwasha, basi kwa sasa acha uandishi, chukua kinasa sauti uende kwa wazee. Karatasi ya kesi hiyo utaitengeneza wewe mwenyewe, na wazee hawangoji.

2. Tafuta nani aliona kwanza

Hiki ndicho kidokezo changu kikubwa. Ukivichoka vingine vyote, bakisha hiki. Katika kesi nyingi za kwetu, wa kwanza kufika si mpelelezi. Ni mtu aliyekuwa kazini. Gari la Erroll lilikutwa kabla ya mapambazuko na Waafrika wawili waliokuwa wakisafirisha maziwa. Mwili wa J.M. ulikutwa na mchungaji wa Kimaasai kwenye vilima vya Ngong. Pale Got Alila, kijana mchunga ng'ombe aliuona mwili wa Ouko siku kadhaa kabla ya serikali kutangaza kwamba umepatikana. Sasa fungua vitabu vilivyoandikwa kuhusu kesi hizi uhesabu kurasa walizopewa watu hawa. Mara nyingi ni aya moja.

Nenda Ndola uone tofauti inayoweza kuletwa na aya hiyo. Usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6 iliyokuwa imembeba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka msituni karibu na mji huo, katika Rhodesia ya Kaskazini ya wakati huo, Zambia ya leo. Alikuwa anatoka Léopoldville kwenda kuzungumza na Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga lililojitenga na Kongo. Watu 16 walikuwa ndani. Mmoja, mlinzi wa Kimarekani aliyeitwa Harold Julien, alikutwa hai akafa hospitalini siku chache baadaye. Mabaki yalikuwa kiasi cha kilomita 15 tu kutoka uwanja wa ndege, lakini wakuu walisema wameyapata alasiri ya siku iliyofuata.

Msitu ule haukuwa mtupu. Walikuwamo wachoma mkaa, na mchoma mkaa halali usiku tanuri likiwaka. Baadhi yao walisema waliona ndege ya pili angani, wengine mwanga au mmweko kabla ya kuanguka. Tume ya Rhodesia iliwasikiliza kwa sikio moja, ikaona ushahidi wao si wa kutegemewa, ikahitimisha kwamba rubani alikosea. Na wachoma mkaa walikuwa na sababu ya kuogopa kusema zaidi: walikuwapo kati yao waliofungwa jela kwa kuchukua mashine ya kuandikia ujumbe wa siri kwenye mabaki.

Miaka ikapita. Mswidi mmoja mfanyakazi wa misaada, Göran Björkdahl, alikuwa na kipande cha bati chenye matundu ambacho baba yake alipewa Zambia miaka ya 1970, akiambiwa kimetoka kwenye ndege hiyo. Hakuwa polisi wala mwanahistoria. Akaanza kwenda vijijini kuwatafuta wazee waliokuwa hai usiku ule, akakaa nao, akaandika walichosema. Mwanahistoria Susan Williams naye alikuwa akipekua nyaraka upande wake, na kitabu chake kikatoka mwaka 2011. Kilichofuata nitakusimulia mwishoni. Kwa sasa shika hili tu: walianza na watu waliokuwa wametupwa nje ya ripoti.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako andika swali moja: usiku ule, nani alikuwa macho kwa sababu ya kazi yake? Mlinzi, mkunga, mwokaji mikate, utingo wa lori, mvuvi, mgema wa tembo la asubuhi. Halafu anza kuwatafuta, au watoto wao.

3. Saa ya Kiswahili imeharibu ushahidi mwingi

Shahidi anasema "saa nane usiku". Karani asiyejua lugha anaandika saa mbili za usiku, kwa kuwa nane yake ni ile iliyochorwa kwenye saa ya ukutani. Kosa la saa sita! Mtu aliyekuwa nyumbani amelala sasa anaonekana alikuwa njiani, na gari lililopita kabla ya tukio limepita baada yake. Ukikuta kwenye faili la kikoloni maelezo yaliyochukuliwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza, kila saa iwekee alama ya kuuliza mpaka upate kitu kingine cha kuishikilia: adhana, treni, king'ora cha kiwandani, jogoo.

Siku nazo zina vituko vyake. Kwa mzee wa Pwani, "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Na "baba" aliyetajwa kwenye maelezo anaweza kuwa baba mdogo, "ndugu" akawa mtu wa kijiji kimoja tu, na "mjomba" akawa mwanamume yeyote wa Pwani aliyesalimiwa kwa heshima. Niliwahi kuhangaika wiki mbili kumtafuta "kaka wa marehemu" aliyetajwa na shahidi mmoja. Alikuwa mwenye kibanda cha sigara.

Hapa mwandishi wa Kiswahili hana mpinzani. Mtafiti aliyetoka London na ruzuku nono anapita juu ya mstari huohuo bila kushtuka.

4. Rudisha mtaa ulivyokuwa, na mwezi pia

Tom Mboya, waziri wa Kenya, alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa katika Government Road, Nairobi. Ukiitafuta barabara hiyo kwenye simu hutaiona, kwa sababu sasa ni Moi Avenue. Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street. Dar es Salaam, Samora Avenue iliwahi kuwa Independence Avenue, na kabla ya hapo Acacia Avenue. Tafuta ramani ya mwaka wa tukio, itoe nakala, tembea nayo kwa miguu. Tembea saa ileile ya tukio kama ni salama. Kama si salama, mchana unatosha, ushujaa hauna malipo.

Kisha mwezi. Shahidi akisema alimtambua mtu kwa mbali usiku, angalia kama kulikuwa na mbalamwezi. Kalenda ya Kiislamu inakujibu kwa dakika moja. Erroll aliuawa mwishoni mwa Mfunguo Tatu, siku kama tatu kabla ya mwezi kufa, yaani kiza totoro mpaka karibu na alfajiri. Kila simulizi ya mtu aliyeona kitu barabarani Karen, gari lilikokutwa, usiku ule ipitishe kwanza kwenye kiza hicho.

5. Nyaraka: nenda mwenyewe, na uende na adabu

Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Moi Avenue, kwenye lile jengo la zamani la benki ambalo watu hupangia miadi bila kujua ndani kuna nini. Dar es Salaam, ziko Upanga. Zanzibar, ziko Kilimani. Uingereza, majalada ya makoloni yako Kew. Na usidhani yote yalikuwa Kew siku zote: mwaka 2011, kwa sababu ya kesi iliyofunguliwa na wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park maelfu ya majalada yaliyobebwa kutoka makoloni 37. Kwa hiyo jalada lisilopatikana si lazima liwe limechomwa.

Wakati mwingine jalada liko katika nchi ya mtuhumiwa. Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, katika nyumba ya rafiki yake Oyster Bay. Ukiishia Upanga umeona nusu ya habari. Nyaraka za PIDE, polisi wa siri wa Ureno, zimehifadhiwa Lisbon, Torre do Tombo. Jifunze Kireno kidogo au mpate rafiki wa Msumbiji.

Ukifika, usiagize jalada la mauaji peke yake. Hilo ndilo lililopekuliwa, likachujwa, na pengine likanyofolewa kurasa. Agiza majirani zake: la hospitali, la barabara, la magereza, la matumizi ya petroli ya magari ya serikali. Mchujaji hana muda wa kusoma petroli. Beba penseli (kalamu ya wino kwa kawaida hairuhusiwi), na msalimie mhudumu anayeleta majalada kabla ya kumsalimia mkurugenzi. Yeye ndiye anayejua sanduku lililowekwa rafu isiyo yake.

Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Andika barua, taja sheria, tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu linaweza kuchelewa. Muhuri ni ushahidi kwamba uliuliza.

6. Gazeti ni shahidi, si hakimu

J.M. alipotoweka, gazeti kubwa la Nairobi liliandika kwamba yuko Zambia. Alikuwa mochari. Soma magazeti yote ya wiki ile, na hasa soma la kesho yake na la mwezi uliofuata, kwa kuwa masahihisho hufichwa chini ya matangazo ya sabuni. Matangazo nayo yasome: yanakuambia meli ipi iliingia, sinema ipi ilionyeshwa na iliisha saa ngapi. Watu wengi wamejitetea kwa "nilikuwa sinema".

7. Daftari liwe na safu tatu

Kinachojulikana. Kilichosemwa, na nani, lini, kwa nani. Ninachodhani. Usiruhusu kitu kuvuka safu bila karatasi mkononi.

Bila safu hizi kila ushahidi utamfuata muuaji uliyemchagua. Mfano ni uleule wa Erroll. Cyril Connolly, mhakiki wa vitabu aliyekuwa na uchu wa kesi hiyo, aliichimba pamoja na James Fox, wakachapisha makala marefu mwaka 1969. Connolly akafariki 1974, Fox akaendelea na madaftari yao, na kitabu chake cha 1982 kinamrudia Broughton. Mwaka 2000 Errol Trzebinski akaandika kwamba ni kazi ya majasusi wa Uingereza. Mwaka 2010 Paul Spicer akamtaja Alice de Janzé, mmoja wa wapenzi wa Erroll. Gari lilelile, risasi ileile ya kichwani, bastola ileile ambayo haikupatikana, na waandishi watatu wakatoka na wauaji watatu. Mimi binafsi naona Fox ndiye aliyechimba kwa uaminifu zaidi, ila sitaweka ng'ombe wangu rehani.

Na andika kwa mwandiko unaosomeka. Kama Connolly angeandika kama mimi, Fox asingeambulia kitu.

8. Dai nakala ya kwanza

Julie Ward, Mwingereza aliyekuja kupiga picha za wanyama, alitoweka Maasai Mara Septemba 1988. Wakuu walisema ameliwa na wanyama. Baba yake, John Ward, mwenye hoteli huko Uingereza, hakuwa mpelelezi, lakini alijua kusoma karatasi kama mfanyabiashara asomavyo ankara. Akagundua kwamba ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikuwa imebadilishwa: maneno yaliyoonyesha mwili ulikatwa kwa kitu chenye makali yalifutwa, yakawekwa ya kuelekeza kwa wanyama. Alisafiri kuja Kenya zaidi ya mara 100 kabla ya kufa kwake mwaka 2023. Kesi mbili zilifika mahakamani, walioshtakiwa wote wakaachiwa, na swali la nani aliua bado liko palepale.

Wewe pengine hutasafiri mara 100. Lakini ukipewa nakala iliyochapwa upya, uliza iko wapi ile iliyoandikwa kwa mkono. Ukipewa muhtasari wa hukumu, tafuta mwenendo mzima wa kesi. Hukumu nyingi za Kenya na Tanzania siku hizi zinasomeka bure mtandaoni.

9. Jina la mtu si viungo vya kunogesha

Pio Gama Pinto, mwanasiasa wa Kenya, aliuawa nyumbani kwake Nairobi tarehe 24 Februari 1965, akiwa na binti yake mdogo garini. Kijana aliyeitwa Kisilu Mutua akatiwa hatiani. Alikaa gerezani miaka 36, akaachiwa mwaka 2001, akisema muda wote kwamba si yeye aliyeua, na waliopanga mauaji hawakuwahi kusimamishwa kizimbani. Ukishikwa na hamu ya kumtaja mtu kwa sababu "kila kitu kinamwelekea", mkumbuke Kisilu kwanza, halafu ukalale, halafu asubuhi ufute.

Kuna na upande wa sheria. Aliye hai anaweza kukushtaki kwa kumharibia jina, na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018, zilizotungwa zote zikiwa na vifungu vya taarifa za uongo. "Inasemekana" haikukingi. Andika alichotuhumiwa mtu mahali penye rekodi, andika pia kama aliachiwa, na umpe nafasi ya kujibu kabla ya kuchapisha.

10. Hodi kwa wafiwa

Usiende mikono mitupu na usiende na kinasa sauti. Mara ya kwanza unaenda kutoa pole, hata kama msiba una miaka 40. Sema wewe ni nani, sema hufanyi kazi ya polisi, na usiahidi kumpata muuaji. Wakikataa, shukuru uondoke. Wakikubali, muulize bibi alikuwa mtu wa namna gani huyo marehemu kabla hujauliza alikufaje. Nimewahi kusikia dalili ya maana kabisa ndani ya simulizi la jinsi mtu alivyopenda samaki wa kupaka: ilionyesha alikula kwa nani jioni ile. Picha ya maiti, hata ukiipata, usiichapishe.

11. Vinasaba, kwa ufupi

Marekani, Michelle McNamara alimwandika kwa miaka mingi muuaji wa California aliyempa jina la Golden State Killer. Alifariki 2016, kitabu chake kikatoka Februari 2018, na Aprili mwaka huo polisi wakamkamata Joseph DeAngelo kwa kulinganisha vinasaba na vya ndugu zake wa mbali kwenye hifadhi ya watafuta koo. Inapendeza. Ila hifadhi hizo zimejaa zaidi watu wenye asili ya Ulaya, na vielelezo vya kesi zetu za zamani vingi vilihifadhiwa kwenye bahasha karibu na panya. Usingoje maabara.

12. Chini ya makala, acha namba ya simu

Turudi Ndola kama nilivyoahidi. Baada ya kitabu cha Williams na mahojiano ya Björkdahl, kundi la wanasheria lilijitolea kuupima ushahidi, likatoa ripoti mwaka 2013. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaunda jopo, na aliyeliongoza ni Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania. Jopo halikuwatupa mashahidi wa Ndola, liliwahoji na kuwapima. Baadaye Othman aliachiwa kazi hiyo peke yake, na katika ripoti zake ameeleza kwamba shambulio au tishio kutoka nje ya ndege ni jambo linalowezekana, na kwamba ziko nchi zenye nyaraka ambazo bado hazijazitoa zote. Kesi haijafungwa.

Tazama mlolongo huo ulivyokwenda: kipande cha bati, wazee wa kijijini, kitabu, halafu jaji. Katikati yake kuna watu waliosoma kitu, wakakumbuka kitu, wakamtafuta aliyeandika. Hata makala ya Connolly na Fox ya 1969 yalileta barua kutoka kwa watu waliokuwa Kenya miaka ile. Basi acha anwani, acha namba, na iwe namba utakayobaki nayo miaka kumi, si ile laini ya ofa ya mwezi mmoja. Atakayepiga atapiga usiku, atapiga kwa simu ya mjukuu, na ataanza kwa kukuuliza habari za nyumbani, za mvua na bei ya unga. Usimharakishe. Zima televisheni, sogeza daftari, na akitaja saa, muulize kama ni ya Kiswahili.